Mstari wa Mamoja

Pale Makole, Dodoma, miaka ile ya ruksa, tulikuwa na mtu ambaye watu wazima wenye akili zao walibadilisha njia wakimwona kwa mbali, na hakuwa mlevi, hakuwa mkorofi, wala hakuna aliyewahi kumkuta na hirizi. Alikuwa mwalimu wa uchumi. Alipanga kwa mama yangu, chumba cha uani chenye mlango wa bati, jirani na karo la kufulia. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maji ya kuoga, kwa hiyo nikisema namfahamu msidhani nimehadithiwa.

Kilichowakimbiza watu ni swali lake. Alikuwa nalo moja tu, akiligeuza kulingana na mtu. Muuza nyanya atamuuliza, "Mama, nikikuchukulia mafungu mawili ya nyanya, nikupe vitunguu kiasi gani ili moyo wako ubaki palepale?" Mke wa mchungaji, katoka zake kanisani na Biblia kwapani, anaulizwa habari za sabuni na sukari. Akishauliza hutulia. Kichwa kinainama upande, macho yanafumba kidogo nyuma ya miwani, na kidole chake cha shahada kinachora kitu pajani, mstari unaoshuka kwa kasi, ukapinda, ukaanza kulala taratibu. Hakuwa akimtazama mtu usoni. Alikuwa anasikiliza, na ukimwona anavyosikiliza unajikuta unaogopa jibu lako mwenyewe kabla hujalitoa.

Darasani swali hilo lilikuwa somo, na wala halikumtisha mtu. Alifundisha sekondari moja ya mjini, na jioni alikuwa na tuisheni kwenye ukumbi wa kanisa, ambako na mimi nilikuwa nakwenda. Kitabu cha Kiingereza, mtihani wa Kiingereza, lakini akiona macho yetu yameanza kulegea aliweka kitabu chini akasema nasi kwa Kiswahili. "Huku zabibu," anachora mstari wa kusimama. "Huku karanga," anachora wa kulala. "Sasa wewe binti, una kapu la zabibu na kiganja cha karanga, umeridhika zako. Nakunyang'anya zabibu kidogo. Nikulipe karanga kiasi gani ili usininunie?" Unamjibu, anaweka nukta. Anakunyang'anya tena, unamjibu tena, nukta nyingine. Kadiri zabibu zinavyokuishia ndivyo unavyozidi kuzing'ang'ania, na yeye anazidi kukumwagia karanga. Mwisho anaziunganisha nukta zote, na tumbo la mstari linaelekea kwenye kona.

"Popote utakaposimama juu ya mstari huu, kwako ni mamoja," anasema. "Huu ndio mstari wa mamoja. Ukitaka kuridhika zaidi, hamia mstari wa juu yake. Na mistari ya mtu mmoja haikatani hata siku moja." Kisha anafuta ubao, kulia kwenda kushoto, kamwe si kwa kuzungusha mkono. Ole wako ukimsaidia kufuta ukazungusha.

Wazee wetu walikuwa na haki ya kulishangaa swali lile. Walitoka kwenye miaka ya foleni, sabuni ya aina moja, unga wa aina moja, ukipata unashukuru, na hakuna aliyekuuliza unapenda nini. Mara ruksa ya biashara ikaja, maduka ya Dodoma yakajaa. Sabuni za kijani, sabuni za waridi, dawa za meno za kila namna. Mara ya kwanza mama yangu kuulizwa dukani "unataka ipi?" aligeuka nyuma, akidhani anaulizwa mtu mwingine. Tulimcheka mpaka tukafika nyumbani.

Mambo yaliharibika kwa muuza mkaa wetu, mtu wa kifua kipana aliyekuwa anabeba gunia zima mgongoni toka barabarani mpaka uani bila kupumzika. Adhuhuri moja Mwalimu alimkuta anashusha mzigo, akamuuliza habari za nyama na ugali. Yule bwana akajifuta jasho, akasema, "Mwalimu, kwangu mamoja." Hakusema kwa hasira, hakusema kwa utani. Nilikuwa pale naanika nguo. Mwalimu akafumbua macho, akamtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona analifanya, na kile kidole pajani kilichora mstari ulionyooka tu, bila kupinda popote. "Nenda hospitali," akamwambia. "Nenda leo." Muuza mkaa akacheka, akachukua hela zake akaondoka. Mvua za kwanza hazikumkuta.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mpishi wa shule. Alikuwa anakoroga maharage, akaulizwa maharage na nini sijui, akajibu vilevile, kwa sauti ileile niliyoisikia uani kwetu. Mwanafunzi mmoja aliyekuwepo alinisimulia kwamba upawa haukusimama, yule mama aliendelea kukoroga huku Mwalimu anambembeleza akapimwe. Hakwenda. Tulimzika Ijumaa, na makaburini watu walisimama mbali na Mwalimu, wakamwachia uwazi kumzunguka.

Basi mtaa ukajumlisha. Anayemjibu Mwalimu wa Uchumi "mamoja" ameshakwisha. Sasa wenzangu wengine wangekimbilia kwa mganga, na wapo waliokwenda, tusidanganyane, lakini wengi walijikinga kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Walianza kuchagua. Babu mmoja asiye na jino hata la dawa aligombana na mwenye duka akitaka dawa ya meno ya kijani, si nyeupe, ya kijani, na alihakikisha Mwalimu aliyesimama nyuma yake amesikia. Jirani yetu, ambaye hajapata kunywa kahawa maishani, alimwahi kabla hajafungua mdomo: "Mimi kahawa, Mwalimu. Chai siitaki kabisa." Watoto walifundishwa na mama zao: ukimwona, taja kitu unachokipenda.

Nakumbuka mchana mmoja wa Julai, upepo ule mkavu unaopuliza vumbi mpaka jua linakuwa na rangi ya kutu. Nilikuwa nimemfuata nyuma kutoka shuleni, hatua chache, nikiwa na madaftari yake. Njia ilikuwa tupu. Lakini kila tulipopita, nyuma ya milango na madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya vumbi, nilisikia sauti za chini za watu wanachagua. Mimi mchicha. Mimi dagaa. Mimi wa kukaanga. Hakuna aliyekuwa ameulizwa. Mwalimu alitembea kichwa kimeinama upande, akiwasikiliza wote, na nywele zangu zilisimama.

Msidhani shida ilikuwa neno lenyewe. Kijana wa dukani, mtundu, aliamua kumjaribu. Akamwambia mbele ya watu, "Kwangu mamoja, Mwalimu, mamoja kabisa, niandikie jeneza." Watu wakashika vichwa. Mwalimu akacheka, na ndiyo mara pekee niliyosikia kicheko chake. "Huyu ana sauti iliyoshiba," akasema. "Atatuzika sote." Kijana yule mpaka leo yupo, ana tumbo na maduka mawili.

Na yeye mwenyewe je, ukimuuliza? Mamoja. Chai au uji, mamoja. Kiti au kigoda, mamoja. Dukani alimwambia muuzaji ampe chochote kilicho karibu na mkono wake, na ndiyo maana alikuwa anaoga wiki hii na sabuni ya waridi, wiki ijayo na ya kufulia. Shati alilovaa ni lile lililokuwa juu. Wenye midomo walisema huyu alishakufa zamani, anafundisha tu. Mimi nilikuwa mdomo mrefu, nikamuuliza siku moja kwa nini anawatisha watu kwa neno ambalo yeye analila asubuhi na jioni. Alikuwa ananoa kalamu ya risasi kwa wembe. Akasema bila kuinua kichwa, "Mtu akisema mamoja kila siku, binti, hakuna atakayeijua siku ya kweli." Akaendelea kunoa. Sikumletea maji siku hiyo, nilimtuma mdogo wangu.

Tena msimwone mtu mbaya. Alikuwa na heshima zake. Mama yangu alimwita Mama Mwenye Nyumba, hata walipokuwa wanakaa pamoja uani jioni, mama anakaanga karanga kwenye jiko la mkaa, sisi tumezunguka tunasubiri. Mama alikuwa akisahau wakati mwingine, hasa akipata wa kuongea naye, na karanga za chini zinaungua, zinakuwa nyeusi tii. Mwalimu alikuwa anazichambua zile nyeusi kwa vidole, anazila yeye. "Ili nyinyi mpate nzuri," alisema. Tulimwona ana roho nzuri, tukala nzuri.

Na mama yangu naye alikuwa hivyohivyo, ila yeye tulimzoea. Kuku akichinjwa, wake ni shingo. Ugali ukipakuliwa, wake ni ule ulioganda sufuriani. Kanga za jozi, anakupa uchague, yeye anachukua uliyoiacha. "Mimi chochote," ndiyo lilikuwa neno lake. Nimekua nikiamini kabisa kwamba mama yangu anapenda shingo ya kuku. Mwalimu alishauliza mtaa mzima, akauliza na wapita njia, lakini mama yangu, huyo Mwalimu hakuwahi kumuuliza. Niliwahi kumuuliza sababu. "Mama yako ndiye mtu pekee anayenishinda," alisema. "Anasema mamoja tangu nimjue. Siwezi kusikia kilicho chini yake."

Ndiyo maana nilipopata hofu, niliipata kubwa. Mama aliugua. Homa kali, tukampeleka hospitali ya mkoa, wakampa dawa, homa ikaondoka. Tukamrudisha nyumbani, lakini mama tuliyemjua hakurudi. Alilala ameelekea ukutani, hali chakula, haumwi, hagombi. Majirani wakaja na uji wa ulezi, na supu, na mlenda wa mtindi wa kwao ambao hakuna Mgogo anayeukataa. "Wekeni hapo," anasema. "Chochote." Daktari akasema hana ugonjwa anaouona. Baba alishatangulia, kaka zangu walikuwa mbali, nikabaki mimi. Nilikaa mlangoni nikasikiliza sauti yake, nikailinganisha na ile ya muuza mkaa. Sikuweza kuipambanua.

Nilimfuata Mwalimu uani, nikamwambia amuulize mama. Akakataa. Nikapiga magoti kwenye vumbi pale karoni, msichana mzima, nikamwambia kama hamuulizi ahame. Akanyanyuka. Alisimama kizingitini mwa chumba cha mama, hakuingia, akainamisha kichwa. "Mama Mwenye Nyumba," akasema, "nikikupunguzia zabibu, nikuongezee karanga kiasi gani?"

Mama hakugeuka. "Mwalimu," akasema, "kwangu mamoja."

Nilikitazama kidole. Kilianza kuchora, kikasita, kikaanza tena, kikasita. Mwalimu akarudi uani akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na upepo ukawa unampiga vumbi usoni naye hajifuti.

"Sijui," aliniambia mwishowe. "Hilo neno amelisema miaka yote ili nyinyi mchague kwanza. Ana mstari wake, kila mtu anao, lakini ameuficha nyuma ya mistari yenu. Ukimpa kitu kizuri anaona mtoto atakayekikosa. Nenda kamuulize kitu ambacho hakuna mwingine wenu anayekitaka."

Nikarudi kwa mama. Nikakaa kitandani, nikamshika mguu kupitia shuka. "Mama," nikasema, "kuna kitu unakitaka, ambacho ukikila sisi sote tutakunja sura, hata kuku hawatakigusa?"

Niliinama kutazama kama anapumua. Kisha akasema, akiuambia ukuta, "Zabibu mbichi. Zile ngumu, kabla hazijaingia maji. Na chumvi." Akalamba midomo. "Tulikuwa tunaziiba kwa mapadri, tukiwa wasichana. Tulichapwa."

Tuliondoka asubuhi, mimi na Mwalimu, kwenda mashamba ya zabibu upande wa Mpunguzi. Ulikuwa wakati wake, vichala viko kwenye mizabibu, vya kijani, vigumu. Lakini mwenye shamba wa kwanza alidhani tumetumwa kumharibia. Kukata zabibu mbichi, mwezi mmoja tu kabla ya mavuno, alisema, ni sawa na kuchinja ng'ombe mwenye mimba. Wa pili alitufukuza. Wa tatu, mama mmoja mnene aliyejifunga kitambaa kichwani, alitusikiliza hadi mwisho, akauliza, "Ni mjamzito?" Mwalimu akasema hapana, ni mgonjwa, ameomba. Yule mama akatupa kisu. "Kateni huko mwisho, msinitazamishe," akasema.

Kule mwisho wa shamba upepo ulikoma ghafla. Dodoma ya Julai haifanyi hivyo. Majani yote yalisimama, na nikasikia nyuki mmoja, na kisu kikikata vikonyo. Mwalimu aliongea akiwa amenipa mgongo. Sikuwa nimemuuliza chochote.

"Nilikuwa na mke," alisema. "Miaka ya foleni. Siku moja duka la ushirika lilipata sabuni na sukari kwa wakati mmoja, foleni mbili, na mimi mtu mmoja. Nikamwuliza, nikusimamie ipi? Akasema, mamoja. Nikafurahi. Nikasema nimeoa mwanamke asiye na makuu." Akakata kichala, akakiweka kwenye kapu taratibu. "Nilirudi na sukari. Hakupata kuionja."

Nikasema pole. Kitu gani kingine ungesema?

"Hakujua kupika," akaendelea, na sauti yake ikawa kavu kuliko ardhi ile. "Kila kitu aliunguza. Ugali, maharage, hata karanga. Nilikuwa namsema sana. Sasa nawauliza watu. Nilikuwa namsikia mke wangu nyumba moja, na sikusikia. Sitaki inipite tena." Kisha upepo ukarudi wote kwa mpigo, na tukafunika kapu kwa kanga yangu tukaondoka.

Jioni ile mama aliinuka kwa kiwiko. Alichovya zabibu kwenye chumvi, akaitafuna, na uso wake wote ukajikunja, jicho moja likafumba. Nilisubiri. Mwalimu alikuwa nje ya dirisha, nilikiona kivuli chake kwenye pazia.

"Hizi," mama alisema, "zimeshaanza kuingia maji. Mlichelewa. Mngeenda wiki iliyopita." Akachukua nyingine.

Kivuli kwenye pazia kilivua miwani.

Mama alipona, na nisiwafiche, alipona na makucha. Kuku wa kwanza alipochinjwa baada ya hapo, mama alisema anataka paja. Kaka yangu mkubwa, aliyekuja kumwona na amezoea paja tangu utotoni, alibaki ameshika sahani. Kanga akachagua yeye kwanza. Na jioni moja tukiwa uani, Mwalimu ameshakwenda kulala, aliniambia huku anapepeta karanga, "Yule mwalimu wako ana lake. Anajifanya hana, lakini mimi ni mwizi mwenzake, namjua."

"Lipi?" nikauliza.

Alirudisha karanga jikoni.

Miaka ikaenda. Mwalimu alistaafu akarudi kwao Mlali, mimi nikapata kazi ofisini hapa mjini, nikazoea kukaa kwenye kiti cha kuzunguka. Mwanafunzi mwenzangu wa zamani ndiye aliyeniambia kwamba Mwalimu amelala, mpwa wake anamuuguza. Nilipomwambia mama, alikaanga karanga asubuhi, kwa uangalifu, akikoroga bila kuacha, zikatoka zote rangi moja ya dhahabu. Nyumba ya mgonjwa, alisema, haipelekewi vilivyoungua. Akazifunga kwenye kitambaa safi, nikapanda basi la Kongwa.

Nilimkuta kitandani, chumba safi, dirisha limefungwa kwa ajili ya vumbi. Alikuwa amekwisha, mifupa tu. Mpwa wake, mama wa makamo mwenye uso uliochoka, alinipa kigoda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti." Alinijua.

Nikamwambia habari za mama, za kijana wa dukani na tumbo lake. Nikafungua kitambaa, nikamwekea bakuli la karanga karibu na mkono. Alizitazama. Kisha akaangalia ukuta.

"Unataka sasa au baadaye, Mwalimu?" nikauliza.

"Mamoja," akasema.

Nilikuwa nimelisikia neno lile kutoka kwake mara ngapi, sijui, maisha yangu yote ya usichana. Lakini hili lilitoka tofauti. Lilikuwa halina mtu ndani yake. Nikakitazama kidole chake juu ya blanketi. Hakikuchora chochote, si mstari uliopinda, si ulionyooka. Mpwa wake akasema tangu juzi ni hivyo, anasema hivyo kwa kila kitu, na yeye anajua ndivyo alivyo siku zote, kwa hiyo hana wasiwasi. Ndipo nikakumbuka alichoniambia akinoa kalamu, na mwili wangu wote ukapoa kwenye chumba kile chenye joto.

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Mama alikuwa uani anachambua mboga.

"Alikula?" akauliza, kabla sijamwamkia.

"Alizibakisha."

"Zote?"

"Zote, mama. Hakugusa hata moja. Amesema mamoja."

Mama aliweka ungo chini. Akasimama, akawasha jiko, akalipepea mpaka mkaa ukawa mwekundu wote. Akamwaga karanga kwenye kikaango, na hakuchukua mwiko. Alikaa mbele ya jiko mikono imepumzika mapajani, akazitazama zikianza kupasuka, zikiwa kahawia, zikiwa nyeusi. Moshi ukajaa uani, ukatoka barabarani, jirani akachungulia kuuliza nini kinaungua.

"Mama, zinaungua," nikasema. Mimi niliyekuwepo kule kwenye mizabibu, niliyesikia kwa masikio yangu, bado sikuelewa.

"Alikuwa anachagua nyeusi," mama alisema, machozi yanamtoka kwa moshi ule na hayapanguzi. "Miaka yote ile mbele yenu. Mlidhani anawaachia nyinyi nzuri. Hivi mimi mlidhani napenda shingo?"

Asubuhi tulikuwa stendi. Kondakta akamuuliza mama, dirishani au ndani, na mama akasema dirishani kabla hajamaliza kuuliza. Njia nzima alipakata lile furushi, na basi zima lilinuka kuungua. Watu walitugeukia, hakuna aliyethubutu kusema.

Mlali tulikuta mlango umerudishiwa tu. Mpwa alikuwa ameshika kikombe cha uji ambao haujapungua. Mama hakukaa kwenye kigoda. Alikaa kitandani, ubavuni kwake, kama alivyonifundisha kukaa kwa mtoto mwenye homa, akafungua kitambaa chini ya pua ya Mwalimu. Karanga zilikuwa nyeusi, nyingine zimekuwa majivu.

"Mwalimu," akasema, "samahani. Nimeongea na watu, nikasahau jiko."

Nje upepo ulikuwa unasukuma dirisha, unaliachia. Pua ya yule mzee ilitanuka, ikatulia, ikatanuka tena. Nilimtazama mama, na mama hakuwa ananitazama, alikuwa ameinamisha kichwa upande, macho amefumba kidogo, anasikiliza.

Mkono ukatoka chini ya blanketi. Ulichukua muda kufika. Vidole vilipapasa kwenye kitambaa, vikairuka moja iliyokuwa na rangi ya kahawia, vikaokota nyeusi. Akaiweka mdomoni, akaitafuna kwa ufizi, polepole, na tulisikia inavyovunjika.

"Mama Mwenye Nyumba," akasema.

"Abee."

"Chumvi ipo?"